Halali haiishii kwenye kisu

 

Ndugu Waislamu, mama anayenunua nyama katika bucha za Tandika, Mbagala, Manzese au Tegeta huuliza jambo moja: je, imechinjwa na Muislamu? Swali hilo ni la haki, na ni wajibu. Lakini aghalabu maswali yetu hukoma hapo. Hatuulizi nyama hiyo imefikaje buchani, imebebwa na nani, na aliyeibeba yu katika hali gani.

Ng'ombe wengi wanaoliwa Dar es Salaam hutoka mikoa ya mbali kama Shinyanga na Dodoma, wakaletwa kwa malori hadi mnada wa Pugu, kisha wakachinjwa Vingunguti na machinjio mengine. Juu ya malori hayo huonekana vijana wamekaa kwenye vyuma, wakiwachunga wanyama wasilale wakakanyagana. Dereva akisinzia, wao ndio wa kwanza kurushwa. Baada ya kuchinja, kijana mwingine hutwishwa begani robo ya ng'ombe, ambayo huweza kufika kilo 30, akapita nayo juu ya sakafu yenye damu na maji, mara nyingi bila buti wala glovu. Hulipwa kwa mzigo, kwa hiyo asipobeba hali. Akiteleza akavunjika mguu, hana mkataba wa kuonyesha, na mwenye mali humtafuta mwingine.

Ipo pia hatari isiyoonekana kwa macho. Homa ya Bonde la Ufa ilipolipuka nchini mwaka 2007, watu zaidi ya 100 walifariki. Ugonjwa huo huambukiza kwa kugusa damu na viungo vya mnyama mgonjwa, hali kadhalika kimeta. Mchinjaji na mchukuzi wa nyama husimama mbele ya maradhi hayo kabla ya mlaji.

Dini yetu haikulinyamazia jambo hili. Katika Suratul Baqara, aya ya 168, Mwenyezi Mungu ameambatanisha halali na kilicho kizuri, wala hakutaja kimojawapo peke yake. Katika hadithi ya Abu Dharr iliyopokewa na Bukhari na Muslim, Mtume (S.A.W.) amewaita watumishi ndugu zetu, akakataza kuwatwika wasiyoyaweza, na akaamuru kwamba tukiwatwika basi tuwasaidie. Naye Imamu al-Mawardi, aliyefariki mwaka 450 Hijria (1058), ameandika kwamba muhtasib, yaani msimamizi wa soko, ana wajibu wa kuwazuia wenye vyombo vya baharini wasipakie kupita kiasi, wala wasisafiri upepo unapokuwa mkali. Usalama wa usafirishaji, basi, ni sehemu ya fiqhi yetu tangu zamani.

Sheria ya nchi nayo ipo. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inamtaka mwajiri ampe mfanyakazi vifaa vya kujikinga. Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi ulianza kazi mwaka 2015. Lakini kibarua asiyeandikwa popote atadai fidia kwa nani? Machinjio mapya ya Vingunguti, yaliyoanza kujengwa mwaka 2019, ni hatua njema. Hata hivyo jengo zuri halimlindi mtu akishatoka mlangoni na mzigo begani.

Hapa tunawageukia wasomi. Vyuo vikuu ni wanunuzi wakubwa wa chakula, na chini ya Sheria ya Vyuo Vikuu ya mwaka 2005 kila chuo kina baraza lenye mamlaka juu ya uendeshaji wake. Chuo Kikuu Kishiriki cha Elimu kiko Chang'ombe, ndani ya Temeke. Chuo Kikuu cha Waislamu kipo Morogoro, na Zanzibar wana vyao. Baraza la chuo likiweka katika zabuni ya nyama sharti la gari lililofungwa, wachukuzi wenye mikataba, buti na glovu, na dereva aliyepumzika, mzabuni atatii, kwa sababu anaihitaji biashara. Kuuliza cheti cha halali peke yake ni kuuliza nusu ya swali. Na baraza lianze nyumbani, kwa mpishi wa chuo na dereva wa basi la wanafunzi. Shura haikuwekwa kwa ajili ya kugawana vyeo, bali kwa ajili ya kulinda amana.

Watakuwapo watakaosema kuwa bei itapanda. Huenda ikapanda kidogo. Lakini gharama hiyo ipo hata leo, ila analipa mchukuzi peke yake, kwa mgongo wake na kwa chakula cha watoto wake akiwa kitandani. Kuigawana sisi walaji ndio uadilifu.

Basi wazazi, Jumamosi hii mkienda bucha, baada ya kuuliza juu ya kisu, muulizeni mwenye bucha na habari za bega. Wakiuliza wateja kumi, atatafuta toroli.

Tunamuomba Allah atujaalie riziki ya halali isiyo na dhulma ndani yake. Amin.