Mshtuko au Kishindo? Lugha ya Mashine za Kutibu Maumivu katika Kliniki Zetu

Kwa muda mrefu mjadala wa istilahi katika kurasa kama hizi umejikita katika isimu, fasihi na teknolojia ya kompyuta. Tumebishana kuhusu tarakilishi na kompyuta, na wengine wetu tumebishana hadi chai ikapoa vikombeni. Wakati huohuo, nje ya lango la chuo, mashine zimeingia katika kliniki za fiziotherapia na kuanza kuwatibu watu wetu maumivu ya visigino, mabega na viwiko kwa nguvu ambayo Kiswahili hakijaamua kuiita nini. Wataalamu huitaja kwa Kiingereza. Mgonjwa husikia "shokiwevu". Naye anayejaribu kumfafanulia mgonjwa huyo hutamka "mawimbi ya mshtuko", akidhani kwamba amekwisha kutafsiri. Nashikilia katika makala haya kwamba tafsiri hiyo ni mbovu, kwamba ubovu wake una gharama kwa mgonjwa, na kwamba lawama haiwaangukii matabibu peke yao.

Hebu tulitazame neno lenyewe. Katika matumizi ya kila siku, mshtuko ni jambo la moyo na la umeme. Mtu hupata mshtuko anapopokea habari za msiba. Hupata mshtuko anaposhika waya ulio wazi. Na mshtuko wa moyo humfikisha hospitalini akiwa amebebwa. Hakuna hata maana moja kati ya hizi inayofanana na yale yatendekayo katika kliniki. Mama mmoja wa mtaani kwetu, mchuuzi wa mboga ambaye kisigino kilikuwa kimemsumbua kwa miezi mingi, aliambiwa na kijana aliyevaa koti jeupe: "Mama, tutakuweka mshtuko kidogo tu hapo kwa kisigino." Mama huyo alivaa kiatu chake. "Daktari," alisema, "mimi nina presha. Mambo ya stima siwezi." Akaenda zake. Wapo watakaosema kwamba hofu hiyo ilitokana na kutosoma. Mimi nasema aliielewa lugha vizuri kabisa, jinsi ilivyosemwa.

Je, mashine hizi hufanya nini? Asili yake ni ya ajabu kidogo, kwa maana haikuanzia hospitalini. Watafiti wa kampuni ya ndege ya Dornier, nchini Ujerumani, walikuwa wakichunguza madhara yanayotokea matone ya mvua yanapogongana na ndege iendayo kasi kuliko sauti. Mgongano huo huzalisha mawimbi yenye nguvu, na watu wakaanza kujiuliza mawimbi hayo yangefanya nini ndani ya mwili. Tarehe 7 Februari 1980, mjini Munich, daktari Christian Chaussy na wenzake walimtibu mgonjwa wa kwanza wa mawe ya figo kwa njia hiyo, mawe yakavunjwavunjwa pasipo kisu. Baadaye madaktari wa mifupa waliyajaribu mawimbi hayo kwa mifupa iliyokataa kuunga, kisha kwa kano zenye maumivu sugu. Mwezi Oktoba 2000, mamlaka ya Marekani inayosimamia chakula na dawa, FDA, iliidhinisha mashine iitwayo OssaTron kwa maumivu sugu ya kisigino.

Leo zipo mashine za aina mbili, na hapa ndipo neno moja linapotupotosha zaidi. Aina ya kwanza huzalisha wimbi ambalo shinikizo lake hupanda ghafla mno, ama kwa cheche inayoruka ndani ya maji, ama kwa sumaku ya umeme, ama kwa fuwele zinazotanuka kwa pamoja. Wimbi hilo hukusanywa, likalengwa mahali pamoja ndani ya mwili. Aina ya pili, ambayo kwa kawaida bei yake ni nafuu, hutumia hewa iliyoshindiliwa kurusha kipande cha chuma ndani ya mtutu mdogo, nacho kikagonga kichwa cha kifaa kilichowekwa juu ya ngozi. Nguvu yake ni kubwa pale ngozini na hupungua kadiri inavyozama. Kwa vipimo vya fizikia, linalotoka katika mashine hii ya pili halistahili kuitwa kwa jina la lile la kwanza. Ni wimbi la kawaida la shinikizo. Hata hivyo zote mbili huuzwa kwa jina moja. Ukiisikiliza hii ya pili ikifanya kazi, mapigo kumi au zaidi kwa sekunde, utamkumbuka ndege kigong'ota juu ya gogo kabla hujaikumbuka stima.

Napendekeza basi neno kishindo. Kishindo ni sauti na nguvu kwa pamoja: kishindo cha mnazi ulioanguka, kishindo cha bahari juu ya mwamba, kishindo cha ndege iliyoipita kasi ya sauti. Hakuna mzungumzaji wa Kiswahili anayesikia kishindo akafikiria waya. Aina ya kwanza na iitwe mawimbi ya kishindo. Ya pili, kwa kuwa kazi yake ni kugota, na iitwe mapigo ya mgoto. Yamkini mtu atateta kwamba haya ni maneno ya kubuniwa na wasomi, na kwamba yatafia katika majarida. Hoja hiyo ina uzito, nami nimeyaona makaburi ya istilahi zetu. Lakini neno UKIMWI nalo lilibuniwa, likatokana na upungufu wa kinga mwilini, na likaenea hadi vijijini kwa sababu, pamoja na mambo mengine, lilimwambia msikilizaji jambo fulani kuhusu ugonjwa wenyewe. Istilahi isiyomwambia mgonjwa lolote, au inayomdanganya, haina haki ya kudai kwamba imekwisha kuzoeleka.

Jina likisharekebishwa, inabaki ahadi, na hapa mwanafunzi wa fasihi anajikuta katika uwanja wake. Kiswahili hutenganisha kutibu na kuponya. Hutenganisha pia "itakuponya", "huenda ikakusaidia" na "ingekusaidia kama". Katika mabango na vikaratasi vinavyogawiwa mijini, tofauti hizo hufutwa. Maumivu "yanakwisha", nukta. Utafiti haukusema hivyo. Mwaka 2002 watafiti wa Australia walichapisha matokeo ya jaribio la wagonjwa 166 wa maumivu ya kisigino: waliopata mawimbi hawakuwa na nafuu kuliko waliopata tiba bandia. Mwaka uliofuata jaribio la Ujerumani, lenye wagonjwa 272, likatoa jibu la namna hiyohiyo. Watetezi wa tiba hii wakasema kwamba kutia ganzi kabla ya tiba, kama ilivyofanywa nchini Ujerumani, hupunguza faida yake. Kisha mwaka 2015 ukachapishwa utafiti wa wagonjwa 246 ambao ulikuwa na matumaini zaidi: asilimia 54.4 ya waliotibiwa walifanikiwa, dhidi ya asilimia 37.2 ya waliopata tiba bandia.

Zitazame takwimu hizo mbili kwa makini. Tiba ilisaidia, naam. Lakini zaidi ya thuluthi moja ya wale ambao hawakutibiwa kwa lolote walipata nafuu pia, na karibu nusu ya waliotibiwa hawakufikia kiwango kilichowekwa. Taasisi ya NICE ya Uingereza ilikuwa imetoa mwongozo mwezi Agosti 2009: kuhusu usalama hakuna hofu kubwa, lakini ushahidi wa manufaa kwa kisigino unagongana, hivyo mgonjwa aelezwe hali hiyo kabla ya kukubali. Sipingi mashine hizi. Mtu aliyekwisha kufanya mazoezi ya kunyoosha wayo, akabadilisha viatu, akangoja miezi sita asione nafuu, ana sababu ya kuzijaribu. Ninachopinga ni kumwuzia mama mboga vipindi vitatu au vitano, kila kimoja kikiwa na mapigo elfu mbili hivi, kwa sarufi ya uhakika, ilhali maumivu ya kisigino aghalabu hupungua yenyewe ndani ya mwaka mmoja.

Lipo jambo jingine ambalo sijalisikia likizungumzwa. Tiba hii huongozwa na ulimi wa mgonjwa. Mtaalamu hutafuta kwa kifaa mahali panapouma zaidi, kisha huongeza nguvu polepole hadi kiwango ambacho mgonjwa anasema anaweza kukivumilia. Mgonjwa akinyamaza kwa adabu, au akijibu "sawa tu, daktari" kwa kuwa hana neno la Kiingereza, kifaa kitapiga pasipostahili au kwa kiasi kisichofaa. Aulizwapo ataje namba kati ya sifuri na kumi, mzee wa Kwale au wa Kakamega hutaja yoyote ili amridhishe kijana. Mwulize kwa Kiswahili: Je, panachoma? Panadunga? Panawanga? Panavuta? Panakaza? Pamekufa ganzi? Hapo mzee atakaa vizuri kitini na kuanza kueleza. Ganzi na kuchoma huenda vinaashiria mshipa wa fahamu, wala si kano, na mtaalamu aliyesikiliza atafikiri upya kabla ya kuwasha mashine. Msamiati huu tunao tangu zamani. Kinachokosekana ni mtu wa kuukusanya na kuufikisha kliniki.

Kisheria, hatuombi hisani. Katiba ya mwaka 2010 inakifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa na pia lugha rasmi. Sheria ya Afya ya mwaka 2017 inamtaka mtoa huduma amweleze mgonjwa njia za tiba zilizopo, manufaa, hatari na gharama zake, pamoja na haki yake ya kukataa. Sioni jinsi wajibu huo unavyotimizwa kwa fomu ya Kiingereza ambayo mgonjwa anaonyeshwa tu mahali pa kutia sahihi.

Ndiyo maana naleta pendekezo kwa wanachama wenzangu. Tukutane na wanafunzi wa fiziotherapia muhula ujao, tuandike pamoja ukurasa mmoja wa Kiswahili ambao kliniki yoyote inaweza kuunakili bila malipo. Useme kwamba mashine haitii umeme mwilini. Useme kwamba inauma wakati wa tiba, na kwamba ngozi yaweza kuwa nyekundu au kuvilia damu kwa siku chache. Useme ni nani asiyefaa kutibiwa nayo kabla ya kuchunguzwa: mjamzito, anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda, mwenye saratani mahali panapolengwa, mtoto ambaye mifupa yake ingali inakua. Uorodheshe maneno ya maumivu ili mgonjwa achague lake. Mwisho uwe na nafasi mbili za kutia alama, nakubali na sikubali, zenye ukubwa uleule.