STAA KANG'OA USUKANI WA MZEE, HONI KIMYA!

Staa mmoja wa Bongo Fleva anatamba mjini na Volkswagen Beetle ya zamani aliyoachiwa na mzee wake. Safi sana! Ila usukani ulivyopasuka kaung'oa, kafunga mdogo wa spoti. Honi ikafa. Sasa anabonyeza swichi iliyofichwa chini ya dashibodi. Bodaboda akichomoka ghafla, ataitafuta saa ngapi?

Nyufa za usukani wa kizamani zinazibwa kwa epoksi, msasa, rangi, unarudi kazini. Na honi ya Beetle wala haina makuu: moto unafika wenyewe, kitufe cha usukani kinakamilisha ethi tu. Fundi akiacha kuunga kile kiwaya, kimya! Kiwaya tu, jamani. Wadau, huyu kaka yuko sawa kweli?