NGAO YA GARI: KINGA AU PAMBO?

Atembeaye katika Mji Mkongwe wa Bagamoyo hawezi kuacha kuitazama milango ya mbao iliyochongwa na kupigiliwa misumari mikubwa ya shaba. Husimuliwa kuwa asili ya misumari hiyo ni Bara Hindi, ambako milango ya ngome iliwekewa miiba ya chuma ili tembo wa vita wasiibomoe kwa vichwa vyao. Ilipofika pwani yetu, ambako tembo hakutumwa kubomoa nyumba ya mtu, misumari ikabaki kuwa pambo na alama ya mwenye mali.

Ndugu msomaji, jambo kama hilo limezifika ngao za magari, yaani vile vyuma vinene vinavyofungwa mbele ya gari la porini. Zilibuniwa kwa haja maalumu. Leo twaziona hata katika magari ambayo safari yake ndefu ni kutoka Tegeta hadi Kariakoo. Wiki hii tulipime jambo hili kwa utulivu, kwa kuwa linagusa fedha ya familia, na zaidi ya fedha, linagusa uhai wa watu.

HAJA YAKE

Ngao ya namna hii ilipata umaarufu mkubwa nchini Australia, katika mbuga ambako dereva husafiri kutwa nzima bila ya kukuta gereji. Huko, kangaruu au ng'ombe akigongwa usiku, hatari iliyo kubwa ni rejeta kupasuka na abiria kukwama jangwani bila maji. Kwa hiyo kazi ya kwanza ya ngao ni kulinda rejeta, feni na taa, ili gari liweze kuendelea na safari hata baada ya kugonga.

Je, haja hiyo ipo kwetu? Ipo, ila si kwa kila mtu. Mkulima apakiaye mananasi Kiwangwa na kupita njia za mashambani alfajiri, mvuvi achukuaye samaki katika vijiji vya kaskazini ya Mto Wami, na mtumishi ambaye kazi yake humpeleka Saadani mara kwa mara, hao wanayo sababu. Saadani, ambayo imekuwa Hifadhi ya Taifa tangu mwaka 2005, ni mahali ambapo wanyama wa mbugani hufika hadi ufukweni mwa bahari. Ngiri, tohe na kuro hukatiza njia bila ya kutoa taarifa, na ng'ombe wa wafugaji hupatikana katika barabara nyingi za Mkoa wa Pwani. Kwa wanyama wa kimo hicho ngao iliyofungwa vema yaweza kuokoa rejeta.

Lakini isidhaniwe kuwa ngao ni dawa ya kila kitu. Twiga mkubwa huwa na uzito unaopita kilo 800, na mwili wake umebebwa juu ya miguu mirefu. Akigongwa, ngao huvunja miguu, na mwili huangukia kioo cha mbele, mahali walipo baba, mama na watoto. Kwa tembo na kiboko hakuna haja hata ya kufanya hesabu. Kinga ya wanyama hao ni mwendo mdogo na kutosafiri usiku.

Mwendo nao una hesabu yake. Gari likienda kilomita 80 kwa saa, nguvu ya mgongano si mara mbili ya ile ya kilomita 40, bali ni mara nne. Aidha, kwa mwendo wa kilomita 80, dereva aliye macho hutumia mita zipatazo 22 kabla ya mguu wake kuikanyaga breki, kisha gari hutumia mita nyingine kama 36 katika lami kavu ndipo lisimame. Jumla ni karibu mita 60, umbali ambao taa zilizoinamishwa haziumuliki vizuri. Kwa kilomita 50, jumla yake haifiki mita 30. Basi kupunguza mwendo ni ngao isiyonunuliwa dukani.

MWENDA KWA MIGUU

Sasa tufike penye kiini cha mazungumzo yetu. Barabara itokayo Dar es Salaam kwenda Bagamoyo hupita Bunju, Mapinga, Kerege, Zinga na Kiromo. Huko hakuna kangaruu. Kuna watoto wa shule wanaovuka asubuhi, akina mama wenye ndoo, waendesha baiskeli na vijana wa bodaboda. Hao ndio watakaokutana na ngao yako siku ya bahati mbaya.

Boneti ya gari la kisasa ni bati jembamba linalobonyea, na bampa lake hutengenezwa kwa plastiki. Kubonyea huko hupunguza kishindo kwa aliyegongwa, ijapokuwa kidogo. Bomba la chuma lililosimama mbele ya gari halibonyei. Mtu mzima hulipokea kwa paja na nyonga. Mtoto wa darasa la pili hulipokea kwa kifua au kichwa. Ajali ambayo ingevunja mguu yaweza kuua.

Kwa sababu hiyo Jumuiya ya Ulaya ilipitisha agizo mwaka 2005, na kutokana na hilo ngao ngumu za chuma zisizopita majaribio ya usalama wa waendao kwa miguu ziliondolewa katika magari madogo mapya. Serikali ya India nayo ilitoa amri ya kuzikataza mwezi Desemba 2017, ikizingatia hatari kwa wapita njia na kwa abiria wenyewe.

Ya abiria yahitaji maelezo. Magari mengi ya sasa yameundwa ili sehemu ya mbele ijikunje wakati wa mgongano na kuimeza nguvu kabla haijawafikia waliomo ndani. Tena yana mifuko ya hewa inayofumuka kwa amri ya vihisio vilivyowekwa mbele. Ukifunga ngao ngumu isiyotengenezwa kwa gari hilo, unaizuia sehemu ile isijikunje, na waweza kuvichanganya vihisio hata mfuko ufumuke kwa kuchelewa au ufumuke pasipo sababu. Hapo ngao imelinda taa na kumwacha mwenye gari.

NAMNA YA KUCHAGUA

Ikiwa umejipima na kuona kwamba kazi yako yakulazimu, zingatia haya. Kwanza, chagua ngao iliyotengenezwa kwa aina na mwaka wa gari lako, na kama gari lina mifuko ya hewa, usikubali nyingine. Pili, iwe na kingo za mviringo, isichomoze kupita kiasi, wala isiwe na ncha. Tatu, isifunike taa, viashiria wala namba za gari, na isizuie upepo uendao kwenye rejeta.

Nne, fikiria uzito. Ngao kamili ya chuma yaweza kuwa na kilo 50 au zaidi, na ukiongeza winchi uzito hukaribia ule wa mtu mzima aliyeketi juu ya bampa siku zote. Springi za mbele hulegea na mataa hubadilika uelekeo. Ngao ya aluminiamu ni nyepesi, lakini bei yake ni kubwa, na ikipinda si kila fundi awezaye kuinyoosha.

Mafundi wetu wa kuchomea, wa Gerezani na kwingineko, wana mikono yenye ustadi, na wengi hutengeneza ngao za mabomba kwa bei nafuu. Kwa gari la zamani lenye chasisi imara, kama Land Rover au Land Cruiser ya miaka ya 1980, kazi yao yaweza kufaa. Ila mwombe fundi afunge kwa boliti, asichomelee ngao juu ya chasisi, maana moto wa kuchomea hudhoofisha chuma cha chasisi. Kama kuna kuchomea kokote karibu na gari, waya za betri ziondolewe kwanza. Na kamwe usimruhusu mtu akukwamue matopeni kwa kuvuta bomba la ngao. Udongo mweusi wa Saadani wakati wa masika hulishika gari kama gundi. Bomba likikatika katikati ya kuvutwa huruka kwa nguvu ya kuua. Kamba ifungwe kwenye ndoano zilizokazwa katika chasisi.

CHUMVI YA BAHARI

Mkaazi wa pwani ana adui mwingine asiyegonga wala kupiga kelele. Upepo wa bahari hubeba chumvi, na chumvi hula chuma. Bomba lililozibwa pande zote huhifadhi maji ndani na kuoza kutoka tumboni, huku rangi ya nje ikimetameta. Mwambie fundi atoboe tundu dogo upande wa chini ili maji yatoke, na apake rangi ya kuzuia kutu kabla ya rangi ya urembo. Aluminiamu ikigusana na boliti za chuma mahali penye chumvi huliwa upesi, basi pawekwe vipande vya mpira au plastiki katikati yake. Baada ya kupita ufukweni, gari lioshwe kwa maji baridi yasiyo ya bahari, na pembe za ngao zisisahauliwe.

MPANGILIO WA FEDHA

Familia nyingi hununua gari kwa akiba ya miaka, na baada ya kununua hubaki na fedha kidogo ya kuliboresha. Fedha hiyo iende kwanza kwenye breki, matairi, taa na mikanda ya viti, pamoja na mikanda ya viti vya nyuma. Ikibaki, nunua bamba la kukinga tumbo la injini, kwa kuwa katika njia za mashambani visiki na mawe hupasua sampu mara nyingi kuliko wanyama wavunjavyo taa. Kisha weka wavu mwepesi mbele ya rejeta, maana mbegu za majani marefu huziba matundu yake na kuchemsha injini. Nao usafishwe kila safari. Ndipo, baada ya hayo yote, uulize habari ya ngao.

Na kama gari lako ni la kwenda kazini, sokoni na kanisani au msikitini, jibu ni fupi: huihitaji. Kama lilikuja nayo, ifungue, uiuzie mtu wa porini. Majirani hawatakuona umepungukiwa. Mtoto anayevuka barabara pale Kerege hatajua kwamba umemfanyia jambo, na ni heri asijue kamwe.