Mifupa Yetu Haina Hatia

Tarehe 14 Desemba 2024, jijini Budapest, kijana mweusi aitwaye Jordan Crooks aliogelea mita 50 za mtindo huru kwa sekunde 19.90. Kabla yake hakuna binadamu aliyewahi kushuka chini ya sekunde 20. Yalikuwa Mashindano ya Dunia ya bwawa fupi, lile la mita 25, na hiyo ilikuwa nusu fainali tu. Kwenye mchujo wa asubuhi alikuwa ameshaifuta rekodi ya Mmarekani Caeleb Dressel. Crooks anatoka Visiwa vya Cayman, katika bahari ya Karibi, nchi ya watu wasiofika 100,000. Kaunti ya Nakuru, kwa sensa ya 2019, ina watu 2,162,202.

Naziweka hesabu hizo mbili pamoja kwa makusudi, kwa sababu huku kwetu, kutoka Naivasha hadi Molo na kuvuka mpaka Baringo, ipo imani ambayo watu wameipokea bila kuihoji: sisi ni wa mbio, maji ni ya Wazungu, na kama si Wazungu basi Wapwani. Utaisikia kwa mwalimu wa michezo, utaisikia kwenye stendi ya matatu, utaisikia kwa wazazi wenye digrii mbili. Ukidai sababu, unaambiwa mifupa ya Mwafrika ni mizito, inazama. Wengine hunogesha kwamba Mkalenjin ana miguu ya swara, na swara haogelei. (Swara, kwa taarifa yao, huogelea akibanwa.)

Imani hii ni uongo, tena uongo unaotufaa. Kosa likishakuwa la mifupa, hakuna diwani wa kuulizwa, hakuna waziri wa michezo wa kuulizwa, na mzazi naye halaumiki. Aliyeumba mifupa haitwi mbele ya kamati ya bajeti.

Wala si yetu peke yetu. Mwezi Aprili 1987, kigogo wa klabu ya besiboli ya Los Angeles Dodgers, Al Campanis, aliketi mbele ya kamera za televisheni akaeleza kwamba watu weusi si waogeleaji wazuri kwa kuwa miili yao haielei. Kazi ilimponyoka siku chache baadaye. Mwaka uliofuata, Septemba 1988, mbio za mita 100 za mtindo wa kipepeo zikaogelewa kwenye Olimpiki ya Seoul, na Anthony Nesty wa Suriname, mweusi kutoka nchi yenye bwawa moja tu la mita 50, akamshinda Matt Biondi wa Marekani kwa sehemu moja ya mia ya sekunde. Campanis alikuwa bado hai kuyaona hayo. Nesty leo ni kocha katika Chuo Kikuu cha Florida, na ndiye aliyeiongoza timu ya wanaume ya Marekani kwenye Olimpiki ya Paris 2024. Mmoja wa wanafunzi wake, Josh Liendo wa Kanada, mweusi pia, alimaliza wa nne katika mita 50 za mtindo huru huko huko Paris, akikosa medali kwa sehemu mbili za mia.

Msomaji wangu mbishi atanikumbusha Eric Moussambani. Naam, na tumzungumze. Septemba 2000, Olimpiki ya Sydney, mita 100 za mtindo huru. Mtu wa Guinea ya Ikweta aliyeanza kuogelea mwaka huo huo, aliyejifunzia kwenye bwawa dogo la hoteli mjini Malabo, na ambaye hakuwa amewahi kuliona bwawa la mita 50 kwa macho yake, alijikuta peke yake majini baada ya wapinzani wake wawili kuondolewa kwa kuruka kabla ya ishara. Akaogelea. Mita za mwisho alikuwa akipigania uhai, si muda. Akafika kwa dakika 1 na sekunde 52.72, dunia ikacheka kwa upendo, na huku kwetu klipu ile ikageuka ushahidi: si mnaona?

Tunaona nini? Miaka michache baadaye Moussambani, kwa mazoezi ya kawaida tu, alikuwa anaogelea umbali ule ule chini ya sekunde 57. Mifupa ile ile, ngozi ile ile, mapafu yale yale. Muda umepungua karibu nusu. Matatizo ya viza yakamzuia kwenda Athens 2004, kwa hiyo sehemu ya pili ya hadithi haikupata kamera, na sisi tumebaki tunasimuliana ya kwanza. Nijuavyo mimi, hakuna jaribio lililowahi kuonyesha wazi zaidi ya hilo kinachomtenganisha mwogeleaji na asiyeogelea.

Halafu kuna maprofesa. Mwaka 2010 Adrian Bejan wa Chuo Kikuu cha Duke na wenzake walichapisha utafiti wakisema kitovu cha mtu mweusi, palipo kituo cha uzito wa mwili, kwa wastani kiko juu kidogo kuliko cha mweupe, hivyo mweusi anafaidika akikimbia na mweupe anafaidika akiogelea. Wapenda nasaba huushika utafiti huo kama hirizi. Tuseme wastani huo ni sahihi. Wastani haupandi kwenye jukwaa la kuanzia. Anayepanda ni mtu mmoja mwenye urefu wake, mikono yake, na saa zake za mazoezi. Cullen Jones, mweusi wa Marekani, alipanda jukwaa hilo London 2012 akatoka na medali ya fedha ya mita 50 mtindo huru, sekunde 21.54. Alipokuwa na miaka mitano nusura afe maji. Mama yake alifanyaje? Alimpeleka kujifunza kuogelea. Mama wa Nakuru, na simlaumu, angemkataza kuyakaribia maji hadi aoe.

Sikatai kwamba maumbile yana nafasi. Florent Manaudou, aliyemshinda Jones siku ile, ana karibu mita mbili, na mkono mrefu ni mali majini. Mtu mkavu asiye na mafuta mwilini miguu yake huelekea kuzama, kweli. Lakini jaza mapafu hewa, tulia, na wengi wetu tutaelea. Miguu inayobaki chini huinuliwa na kupiga maji na kukiweka kichwa sawa, na hayo hufundishwa wiki za kwanza. Makocha watakuambia pia kwamba mkimbiaji huwa na kifundo cha mguu kigumu kisichonyooka kama cha mwogeleaji. Hiyo ni kasoro ya mtu aliyekimbia miaka kumi bila kuogelea. Mtoto wa miaka sita hajaipata.

Hata huo mtindo huru wenyewe tunaowaachia Wazungu hawakuuanzisha wao. Mwaka 1844 Waojibwe wawili kutoka Amerika Kaskazini walishindana mbele ya Waingereza jijini London, wakitupa mikono juu ya maji kwa zamu na kupiga miguu. Waingereza, waliozoea kuogelea kichura, waliiona ile ni fujo ya washenzi. Fujo hiyo ndiyo leo inayotoa medali.

Kenya nayo ina yake. Agosti 16, 2008, Beijing, Michael Phelps alishinda mita 100 za kipepeo kwa tofauti ile maarufu ya sehemu moja ya mia. Picha ya vidole vyake imezunguka dunia nzima, lakini muulize mtu wa Nakuru ni Mkenya gani alikuwa kwenye fainali hiyo. Alikuwa Jason Dunford, mzaliwa wa Nairobi, aliyemaliza wa tano. Kwenye mchujo aliweka rekodi ya Olimpiki iliyodumu dakika chache tu. Mwaka 2010 alitwaa dhahabu ya mita 50 kipepeo Michezo ya Jumuiya ya Madola, Delhi. Ndugu yake David ndiye aliyekuwa mtu wetu wa mtindo huru wa kasi, akashiriki Olimpiki mbili. Najua jibu: hao ni Wazungu. Ni Wakenya weupe, sawa, na waliogelea kwenye mabwawa yenye makocha, kisha mmoja akaenda Stanford na mwingine Arizona. Danilo Rosafio naye aliiwakilisha Kenya katika mita 100 mtindo huru kwenye michezo ya Tokyo. Ukitafuta kinachowaunganisha wote hawa, utakuta bwawa.

Kinachonikera zaidi ni upande wa sifa wa imani hii, ule tunaoufurahia. Tukisema tumezaliwa kukimbia, tunampokonya mkimbiaji jasho lake. Na hata huko kwenye riadha tumeshaumbuka. Tuliambiwa hatuwezi kurusha. Julius Yego wa Nandi akajifundisha mkuki kwa video za intaneti, akawa bingwa wa dunia 2015 kwa mita 92.72. Tuliambiwa mbio fupi ni za Wajamaika. Ferdinand Omanyala akakimbia mita 100 kwa sekunde 9.77 Kasarani, Nairobi, Septemba 2021. Kila mara mipaka ya damu yetu imesogezwa na mtu mmoja mkaidi aliyepata vifaa.

Sasa tutazame maji tuliyo nayo. Ziwa Nakuru ni la magadi na limo ndani ya hifadhi. Naivasha lina viboko. Baringo lina viboko na mamba. Mabwawa ya kuogelea yako hotelini, kwenye klabu za wanachama na kwenye shule ambazo ada yake ya muhula ingejenga nyumba. Mtaala wa umilisi unataja kuogelea, lakini mwalimu wa shule ya umma atafundishaje zaidi ya kuwalaza watoto kwenye nyasi wapunge mikono? Kasarani, penye bwawa la mita 50, ni kilomita 160 na ushee kutoka hapa.

Wakati huohuo watoto wetu wanaogelea, tena kwa furaha: kwenye machimbo ya mawe yaliyoachwa wazi yakajaa mvua, na kwenye mabwawa ya mashamba. Hawana mwalimu, hawana kamba, hawana mtu mzima. Baadhi hawarudi nyumbani. Shirika la Afya Duniani lilikadiria vifo vya maji mwaka 2021 kuwa 300,000, zaidi ya tisa kati ya kila kumi vikiwa katika nchi za kipato cha chini na cha kati. Tukizika, tunasema maji yamemchukua. Hatusemi kwamba hakufundishwa.

Na kichekesho cha mwisho kiko angani. Waogeleaji wa nchi tajiri hulipa pesa nzito kwenda kufanya mazoezi Sierra Nevada, Uhispania, kwenye bwawa lililo kiasi cha mita 2,300 juu ya bahari, au Flagstaff, Arizona, kwenye mita 2,100 hivi. Eldoret iko usawa wa Flagstaff. Iten iko juu kuliko bwawa hilo la Sierra Nevada. Mwinuko huo tunaousifu kwa kutupatia wanariadha, wenzetu wanaununua kwa ajili ya bwawa.

Kaunti huita wananchi kutoa maoni kabla ya bajeti kusomwa. Ombi langu si bwawa la Olimpiki. Crooks alikulia kwenye mabwawa ya mita 25. Njia sita, mita 25, kina cha kumfaa mtoto upande mmoja, mwalimu aliyeajiriwa, na kiingilio ambacho mama muuza mboga wa mtaa wa Kaptembwa anaweza kukitoa. Afisa akinijibu kwamba watu wetu si waogeleaji, nitamwomba anionyeshe ni wapi katika kaunti hii walipopewa nafasi ya kujaribu, kisha aniambie bado anazungumzia mifupa.