Haidrojeni Itoke kwenye Magunzi, Si kwenye Sahani ya Maskini

Mkulima anayebeba mfuko wa urea kwenda shambani anabeba pia kazi ya haidrojeni. Gesi hiyo huunganishwa na naitrojeni ya hewani kupata amonia, na kutokana na amonia hutengenezwa urea. Lakini sehemu kubwa ya haidrojeni duniani hutokana na gesi asilia na makaa ya mawe, na hewa ukaa inayozalishwa huachwa ipande angani.

Je, haiwezi kutoka kwenye mimea? Inawezekana. Mwaka 2002, James Dumesic na wenzake wa Chuo Kikuu cha Wisconsin-Madison, Marekani, walionyesha kwamba maji yenye sukari, yakipashwa joto la nyuzi 225 hivi chini ya mgandamizo na kupitishwa kwenye kichocheo cha platini, hutoa haidrojeni. Kichocheo huharakisha mabadiliko ya kikemia bila chenyewe kuisha. Hewa ukaa hutoka pia, ila ni ile ambayo mmea uliivuta ulipokuwa ukikua.

Platini ni madini ya wenye fedha. Mwaka 2003 watafiti hao walitangaza kichocheo cha bei nafuu, cha nikeli na stani. Nikeli peke yake hupoteza haidrojeni kwa kuigeuza kuwa methani. Stani huzuia upotevu huo. Tunaona hapo elimu inayomkaribia mnyonge.

Hata hivyo, tuna hofu moja. Sukari iliyo rahisi kupata imo kwenye chakula: mahindi, miwa, mihogo. Kiwanda kikianza kushindana sokoni na mama anayenunua kilo mbili za unga, tunajua nani atashindwa. Magunzi, mabua na makapi ya miwa nayo yana sukari, lakini imefungwa ndani ya nyuzi ngumu, na kuifungua ni gharama. Kwa maoni yetu, nguvu za watafiti zielekezwe huko, na mkulima alipwe kwa makapi yake, maana nayo ni kuni, malisho na rutuba ya shamba.

Katika Laudato Si' ya mwaka 2015, Papa Fransisko alihimiza nishati chafu ibadilishwe bila kukawia, na hakutenganisha kilio cha dunia na kilio cha maskini. Basi sisi waseminari tusiidharau kemia, na sisi waamini tusiogope kuuliza: haidrojeni hii imetoka kwenye mmea gani, na nani amelala njaa?