Maua ya Mpiga Piano na Mfuko wa Wazee

Mtu akiingia katika ukumbi wa tamasha la muziki, akaona okestra ndogo imeketi nusu duara na piano kubwa imewekwa mbele yake, macho yake humwendea kwanza yule atakayekaa kwenye piano. Huyo ndiye aliyeandikwa kwa herufi kubwa katika tangazo, na huyo ndiye atakayepewa maua mwisho wa kazi. Wale wengine wenye fidla na filimbi na tarumbeta huhesabiwa kama viti vya ukumbini: sharti wawepo, lakini hapana aulizaye majina yao. Sisi twaona kuwa desturi hii ya kutazama yapasa kuchunguzwa, na hasa na watu wa kazi yetu, ambao maisha yetu mengi twayapitisha katika safu za nyuma. Na ili tusiseme maneno matupu, twachukua tamasha moja lililofanyika kweli, katika mji wa Leipzig, Ujerumani, tarehe 1 Januari 1846.

Siku hiyo Bibi Clara Schumann, mwenye umri wa miaka 26, alipiga koncheto ya piano iliyotungwa na mumewe, Bwana Robert Schumann. Koncheto ni mtungo ambamo chombo kimoja husemezana na okestra nzima. Wote wawili walikuwa watu wa zama zile za karne ya 19 ziitwazo za Kiromantiki, ambazo watungaji wake walishika kwamba muziki haukuwekwa kwa ajili ya kupanga sauti vizuri tu, ila kwa kutoa nje furaha na majonzi yaliyomo moyoni mwa mtu. Ukumbi waliopigia uliitwa Gewandhaus, maana yake nyumba ya wauza nguo.

Yafaa msomaji ajue okestra ile ilipatikanaje, maana haikuundwa na mfalme. Mwaka 1743 watu 16 wa Leipzig, baadhi yao wa jamaa bora na baadhi wenyeji wa mji, walikubaliana kutoa fedha zao kuwalipa wapigaji 16. Mwanzo walikusanyika katika nyumba za watu, kisha katika nyumba moja ya wageni mjini. Hata mwaka 1781 wakapata ukumbi wao juu ya ghala ya wafanya biashara wa nguo, wenye nafasi ya watu kama 500. Kwa hiyo msingi wa sifa zote za Leipzig ulikuwa mchango. Haba na haba hujaza kibaba, na kibaba hiki kilijaa watu na fidla zao.

Tena, kabla karne ya 18 haijaisha, okestra ile ilikuwa na mfuko wa wapigaji wazee na wagonjwa, na desturi ikawekwa ya kufanya tamasha maalumu ambalo mapato yake huingia katika mfuko huo. Bwana Felix Mendelssohn, aliyekuja kuiongoza okestra mwaka 1835, alikuwa mtungaji mwenye jina katika Ulaya nzima. Walakini hakuona haya kuwaandikia wakubwa wa mji kuwaombea wapigaji wake nyongeza ya mshahara, wala hakunyamaza mpaka nyongeza ilipopatikana. Watu wale walihitaji kuombewa. Wapigaji wale wale waliopiga Gewandhaus ndio waliopiga katika nyumba ya michezo na katika ibada kanisani, na fidla ya usiku huchosha mkono kama kalamu ya mchana.

Sasa na tuitazame koncheto yenyewe, kwa kuwa ndani yake mna hoja yetu. Katika zama zile wapiga piano wengi walipenda mitungo ya kuonyesha vidole: okestra hufungua mlango kwa kishindo, kisha hunyamaza, na mpigaji huruka juu na chini mpaka watu wakapigwa na bumbuazi. Bwana Schumann hakuipenda njia hiyo, na mwaka 1839 alimwandikia Clara kwamba yeye hawezi kutunga koncheto ya kujionyesha. Hana budi kutafuta jambo jingine. Mwaka 1841 akaandika kipande kimoja tu cha piano na okestra. Clara alikijaribu Gewandhaus mwezi wa Agosti mwaka ule, akiwa karibu kujifungua mtoto wake wa kwanza. Wapiga chapa hawakutaka kukinunua. Mwaka 1845 Schumann akaongeza vipande viwili, ikawa koncheto kamili. Clara akaipiga kwanza Dresden mwezi wa Desemba, na katika mwaka mpya ikafika Leipzig.

Mwanzo wake ni kama wa wengine. Okestra yapiga pigo moja, na piano yateremka kwa nguvu kama maji yaangukayo mwambani. Mtu hudhani kuwa majivuno yameanza. Lakini wimbo wenyewe hauanzwi na piano. Waanzwa na obo pamoja na wenzake wa kupuliza. Obo ni jamaa ya nzumari wa pwani, kwa sababu vyote viwili hulia kwa ulimi maradufu utiwao kinywani, ila sauti ya obo ni laini zaidi. Obo ikisha kusema, piano hujibu kwa maneno yale yale. Yaani mkuu wa tamasha apokea wimbo wake kutoka kwa mtu wa safu ya nyuma.

Katika kipande cha pili piano na fidla hupeana maneno mafupi mafupi, kama watu wawili wanaozungumza barazani bila haraka. Halafu fidla kubwa ziitwazo selo hushika wimbo mpana, na piano huwa mtumishi wao, ikipamba pembeni. Kutoka hapo waingia kipande cha tatu bila kupumzika, na humo mna mahali pagumu: kiongozi huhesabu tatu tatu, lakini masikio husikia kana kwamba ni mbili mbili. Mpigaji wa piano akijitazama mwenyewe tu, na wa fidla naye akaifuata njia yake, wote watapotea. Hapo hapana mkubwa wala mdogo. Aliye salama ni yule amsikilizaye mwenzake.

Wenzetu walioimba kwa sauti nne katika shule za misheni watatuelewa upesi. Sauti ya kwanza ndiyo watu waimbayo njiani warudipo nyumbani, lakini ondoa besi, ondoa sauti ya tatu, na wimbo uliokuwa kama nyumba huwa kama mlango uliosimamishwa uwanjani peke yake. Koncheto hii yafundisha jambo hilo kwa namna iliyo bora, kwa sababu mtungaji alikuwa na mke aliyekuwa miongoni mwa wapiga piano hodari kabisa wa Ulaya, angeweza kumwandikia majivuno matupu, naye akamwandikia mazungumzo.

Basi, huyu Clara mwenye maua, mwisho wake ulikuwaje? Alianza kupiga Gewandhaus mwaka 1828 akiwa mtoto wa miaka 9. Mwaka 1854 mumewe aliugua akili, akajitupa katika mto Rhein, akaokolewa, akapelekwa katika nyumba ya wagonjwa karibu na Bonn, na huko akafa mwaka 1856. Mumewe alipopelekwa huko, Clara alibaki na watoto sita na mimba ya mwingine. Hakupenda kuishi kwa hisani ya rafiki. Akafunga sanduku lake, akaenda mji kwa mji, nchi kwa nchi, Uingereza mara nyingi, akipiga muziki wa marehemu mumewe na kulipia ada za shule. Katika miaka ya 1870 mkono ukamwuma hata ikampasa kuacha kupiga kwa muda mrefu. Mwaka 1878 alipata kazi ya kufundisha katika chuo cha muziki cha Frankfurt. Tamasha lake la mwisho mbele ya watu lilikuwa mwaka 1891, naye alikuwa na umri wa miaka 71, na juu yake alikuwa na mzigo wa wajukuu, watoto wa mwanawe.

Twaomba msomaji aweke mambo haya mawili pamoja. Mtu wa fidla, ambaye watu hawakumwuliza jina, alikuwa na mfuko wa kumshika akizeeka au akiugua. Bibi yule aliyepigiwa makofi na miji mikubwa ya Ulaya alikuwa na mikono yake miwili tu, na siku mkono ulipouma, riziki ilisimama. Maua hunyauka siku ya tatu. Akiba haiozi.

Twajua jibu litakalotolewa. Mtu atasema, "Clara kwa usiku mmoja alipata fedha ambazo mpiga fidla hakuziona kwa siku nyingi, basi kwa nini tumwonee huruma?" Ni kweli kwamba mpigaji wa mbele hulipwa zaidi. Lakini wingi wa fedha ni jambo moja na hakika ya fedha ni jambo jingine. Mwenye kipato kikubwa kisicho na hakika hawezi kuugua, wala hawezi kuzeeka. Hawezi hata kusema leo nimechoka. Sisi makarani twaijua thamani ya hakika kuliko watu wengi.

Mwingine atasema kwamba twaisifu okestra kupita kiasi. Hapo twakubali neno moja, tena zito. Zama zile wanawake hawakupewa viti katika okestra ya Gewandhaus. Clara hata angalitaka kuacha maua na kukaa safu ya nyuma penye mfuko, mlango ulikuwa umefungwa. Aliruhusiwa kusimama mbele ya chama, akakishangaza, akakiletea watu na fedha. Kuwa mmoja wa chama hakuruhusiwa. Mfuko ulikuwa mwema, walakini mlango wake ulikuwa mwembamba.

Kwa hiyo twaona kuwa Chama chetu kina masomo mawili ya kuchukua, wala hayapendezi yote kwa watu wote.

La kwanza ni kwa wale waliopanda cheo. Wako wenzetu ambao walilipa ada kila mwezi walipokuwa wadogo, na walipopata meza kubwa na kiti chenye mikono wakaacha, wakisema kwamba Chama ni cha wadogo. Hao wamejiona kuwa wapiga piano. Twawakumbusha kwamba wimbo walioupokea ulianzwa na obo. Barua waitiayo sahihi iliandikwa na mtu, ikapigwa chapa na mwingine, ikatafutiwa faili na wa tatu. Na siku watakapoondoka kazini, meza ile kubwa haitawafuata nyumbani.

La pili ni kwa sisi sote tulio ndani. Mlango wetu una upana gani? Twamtazamaje karani wa muda, ambaye huitwa kazi zinapozidi na kuagwa zinapopungua? Twamtazamaje tarishi, na bibi apigaye chapa? Hawa hutufanyia kazi mbele ya macho yetu, na tukiwa na sherehe twawaita waje kusaidia. Lakini linapotajwa neno la msaada wa ugonjwa twafungua kitabu cha kanuni kutafuta kifungu cha kuwatoa. Chama kinachotumia mikono ya mtu na kumkataa katika daftari la wanachama hakina haki ya kuwalaumu wakubwa wa kazi wafanyapo vivyo hivyo.

Nasi hatutaki kulaumu bila kutoa shauri. Chama na kiweke mfuko wa wazee na wagonjwa, mbali na fedha za matumizi ya kila siku, nao usiguswe kwa chai ya mkutano wala kwa nauli ya wajumbe. Na kila mwaka iwekwe jioni moja ya muziki ambayo mapato yake yote yaingie humo. Wapigaji wa gitaa tunao, waimbaji wa kwaya tunao, na wenye kujua ngoma za kwao ni wengi kuliko wote. Mweka hazina asome hesabu ya mapato usiku ule ule mbele ya watu, kabla taa hazijazimwa. Tena kila afanyaye kazi katika ofisi zetu, wa kudumu au wa muda, mwanamume au mwanamke, akilipa ada yake aandikwe.

Okestra ya Leipzig ilihama ukumbi wake wa kwanza mwaka 1884. Ukumbi wa pili uliharibiwa kwa mabomu ya vita, na ukumbi wa tatu ukafunguliwa mwaka 1981. Nyumba zimepita, okestra ipo, na wanawake sasa wanakaa katika safu zake. Aliyesikia koncheto ya Schumann ikipigwa huko, au aisikiaye katika redio jioni akipumzika, na afanye jaribio moja: asimsikilize mpiga piano kwanza. Aitafute obo. Akiisha kuipata, na alipe ada yake ya mwezi huu.