Utafiti wa kisayansi na tatizo la kuutaja kwa Kiswahili

Tarehe 6 Oktoba 2021, Shirika la Afya Duniani (WHO) lilitoa tangazo ambalo wanasayansi walikuwa wamelisubiri kwa miongo kadhaa: kwamba chanjo ya kwanza ya malaria, iitwayo RTS,S, ipewe watoto wa Afrika wanaoishi katika maeneo yaliyokithiri ugonjwa huo. Kenya, pamoja na Ghana na Malawi, ilikuwa imekwisha kuitumia kwa majaribio katika kliniki zake za kawaida tangu mwaka 2019, na uzinduzi wetu ulifanyika Homa Bay mwezi Septemba mwaka huo. Oktoba 2023 ikafuata chanjo ya pili, R21, ambayo ilikuwa imejaribiwa kwa watoto wa Burkina Faso, wa Mali, wa Kilifi na wa Bagamoyo.

Habari hizo zilipokelewa kwa shangwe, na ilistahiki iwe hivyo. Lakini mtu ambaye kazi yake ni kuchunguza lugha, wala si vimelea vya malaria, hana budi kuuliza swali ambalo daktari huenda asiliulize. Matokeo ya utafiti huo, uliofanywa kwa damu ya watoto wa Waswahili na majirani zao, yaliandikwa kwa Kiingereza katika majarida ya ng'ambo. Je, yalipofika kwa mama aliyeketi kwenye benchi la zahanati akiwa na mtoto mapajani, yalifika kwa maneno gani?

Tulitazame neno lenyewe, chanjo. Limetokana na kitenzi kuchanja, yaani kukata ngozi kidogo kwa wembe au kisu, kama alivyofanya mganga alipotia dawa kwenye chale. Ndui ilipokingwa kwa kukwaruza ngozi, neno hilo lilifaa kabisa. Baadaye sindano ikaja, na baada yake matone ya polio, nasi tukaendelea kusema "chanjo ya matone" bila kuona ajabu yoyote. Lugha hai ndivyo zilivyo, na hilo halinisumbui. Linalonisumbua ni maana nyingine ambayo neno hilo limeibeba kimyakimya: kwamba aliyechanjwa hapatwi. Surua na polio ndizo zilizotufundisha hivyo.

Chanjo ya malaria haiko hivyo. Katika majaribio makubwa ya RTS,S, yaliyofanywa kati ya mwaka 2009 na 2014 katika nchi 7 za Afrika, watoto waliopata dozi zote 4 waliepushwa takriban visa 4 kati ya kila visa 10 vya malaria katika kipindi cha miaka 4. Maana yake ni kwamba visa 6 vilibaki. Kwa takwimu za afya ya umma, hayo ni mafanikio makubwa: katika maeneo ya majaribio ya Kenya, Ghana na Malawi, vifo vya watoto wa umri uliolengwa, ukiondoa vifo vya ajali, vilipungua kwa asilimia 13. Lakini kwa mama ambaye mwanawe amechomwa sindano 3 akiwa na miezi 6, 7 na 9, kisha akaugua malaria mwaka huohuo, neno chanjo limemdanganya. Sasa anaombwa amrudishe mtoto huyo kliniki akiwa na miezi 24 kwa dozi ya nne, wakati ambao hakuna dozi nyingine nyingi za kumleta huko. Iwapo hakuelezwa tangu mwanzo kwamba kinga hii ni ya kupunguza tu, atarudi kwa sababu gani?

Si mara ya kwanza kwa lugha kuiponyoka sayansi katika ugonjwa huu. Mwaka 1996 yalichapishwa matokeo ya utafiti uliofanywa Bagamoyo kuhusu majina ya homa. Watafiti waligundua kwamba wazazi waliifahamu vyema "homa ya malaria" na waliihesabu kuwa ugonjwa wa kawaida, wa kutibiwa kwa dawa za hospitali. Mtoto alipoanza kutetemeka, kukakamaa na kugeuza macho, ugonjwa ulibadilika jina: hiyo ilikuwa degedege, na degedege ilihusishwa na shetani au ndege mbaya apitaye usiku. Dawa yake ilikuwa kwa mganga. Wapo hata walioamini kwamba mtoto mwenye degedege akipigwa sindano atakufa. Mabango na redio ziliposema kuwa malaria huua watoto, msikilizaji alikubali kwa kichwa, kisha akampeleka mwanawe kwingine, kwa kuwa alichokuwa nacho mtoto, kwa lugha ya nyumbani, hakikuwa malaria.

Nimewahi kuwasomea wanafunzi wangu mfano huo, na aghalabu wengine hucheka. Mimi sioni cha kuchekesha. Mzazi wa Bagamoyo alitumia lugha yake kwa usahihi kamili. Aliyekosea ni aliyetunga ujumbe bila kuuliza neno degedege lina maana gani kwa wenyewe.

Hata namna ya kufanya utafiti ina mitego yake ya lugha. Ili kupima chanjo au dawa, watafiti hugawanya watu katika makundi mawili kwa njia ambayo haimpendelei yeyote. Kwa Kiswahili tutasemaje? Ukisema kwa "kubahatisha", mzazi ataona mtoto wake anachezwa kamari. Ukisema kwa "nasibu", umesema sawa, ila ni wangapi walifahamuo neno hilo nje ya ukumbi wa fasihi? Kundi moja hupewa dawa na lingine kitu kisicho na dawa ndani yake, ili watafiti walinganishe. Kitu hicho mara nyingi huitwa "dawa bandia". Lakini bandia, kwa mtu wa kawaida, ni ile dawa ya magendo inayouzwa na matapeli! Nani atakubali mwanawe apewe? Na neno "majaribio" lenyewe humfanya mtu ajione panya wa maabara. Ukilikwepa na kusema tu "utafiti wa hospitali", basi umempeleka upande wa pili, akadhani ni matibabu. Wachunguzi waliolishughulikia suala la idhini katika pwani ya Kenya, wakachapisha matokeo yao mwaka 2004, waliwakuta wazazi ambao hawakutofautisha barabara kati ya utafiti na huduma ya kawaida ya hospitali. Hawakuwa wajinga. Mtu aliyevaa koti jeupe, mwenye sindano na gari, akiwa ndani ya uwanja wa hospitali, ataitwa nani kama si daktari?

Tutoke hospitalini twende shambani, ambako neno hufanya kazi tofauti kidogo. Katika kituo cha utafiti cha icipe kilichoko Mbita, kando ya Ziwa Viktoria, watafiti wakiongozwa na Zeyaur Khan, kwa ushirikiano na wenzao wa Rothamsted nchini Uingereza, walibuni mnamo miaka ya 1990 mbinu ya kupambana na vidudu vinavyotoboa mabua ya mahindi. Katikati ya mistari ya mahindi hupandwa desmodiamu, ambayo ilielezwa kuwa harufu yake huwafukuza nondo. Kuzunguka shamba hupandwa matete ya kulishia ng'ombe, ambayo huwavuta nondo hao. Wakitaga humo, funza wengi hufa kwa sababu ya utomvu wa matete. Katika kuifanyia kazi mbinu hiyo, watafiti wakaona jambo ambalo hawakulitafuta: striga, lile gugu lenye maua ya zambarau ambalo Wajaluo hulitaja kwa jina kayongo, lilitoweka palipopandwa desmodiamu. Mizizi ya desmodiamu hutoa kemikali ambazo huzifanya mbegu za striga kuota, na wakati huohuo nyingine huzizuia zisiushike mzizi wa mahindi. Mbegu imeota, haina pa kunyonya, inakufa. Kwa gugu ambalo mche wake mmoja huzaa makumi ya maelfu ya mbegu, zenye uwezo wa kukaa udongoni miaka mingi, si faida ndogo hiyo.

Mbinu hiyo kwa Kiswahili imekuja kuitwa vuta-sukuma. Ni istilahi nzuri kupindukia. Maneno mawili ya kila siku, na mkulima ambaye hakusoma kemia hata siku moja ameshapata picha ya nondo anayesukumwa huku na kuvutwa kule. Laiti istilahi zetu zote zingekuwa hivyo! Lakini mwaka 2024 kundi la watafiti lilichapisha makala likidai kwamba desmodiamu haiwafukuzi wadudu kwa harufu kama ilivyoaminiwa, bali vinyweleo vya majani yake, vile vinavyong'ang'ania nguo ya mpitaji, huwanasa na kuwaua. Wengine nao wakaonyesha kwamba desmodiamu iliyo katika mashamba ya wakulima hutoa harufu zile. Mjadala ungali wazi. Mbinu yenyewe haijaguswa, maana mahindi hayajali nondo amefukuzwa au amenaswa. Lakini jina je? Iwapo itathibitika kwamba hakuna "sukuma", tutakuwa na neno tamu linalofundisha nadharia iliyopitwa na wakati. Hapa mwalimu wa sayansi na mwalimu wa Kiswahili wana somo moja la kufundisha pamoja, nami sijui shule ambayo huwakutanisha.

Kemia ina ugumu wake. Mwaka 2025 Tuzo ya Nobel ya Kemia ilitolewa kwa Susumu Kitagawa, Richard Robson na Omar Yaghi, kwa kuunda vitu ambavyo ndani yake atomi za metali zimeunganishwa na molekuli ndefu za kaboni hadi zikafanya kitu kama jengo lenye vyumba vingi vitupu. Gramu chache tu za moja ya vitu hivyo zina uso, ukihesabu kuta zote za ndani, unaokaribia uwanja wa mpira. Katika vyumba hivyo gesi huweza kuhifadhiwa, na Yaghi na wenzake wameonyesha kwamba hata maji yaliyomo katika hewa ya jangwani huweza kukusanywa humo usiku na kutolewa jua likichomoza. Ajabu hiyo ilistahili kusimuliwa katika kila darasa. Lakini jaribu kulitafsiri jina lake, uone. Neno la Kiingereza lililomo ndani yake ndilo lilelile tunalolipa maana ya "kilimo hai" na "mbolea hai" tunapozungumza na mkulima. Mwanafunzi akiambiwa "metali hai" atafikiri chuma kimepuliziwa roho! Katika kemia, maana yake ni vitu vyenye kaboni, basi.

Kuhusu uhandisi nitasema machache. Tarehe 12 Desemba 1970, setilaiti iliyotengenezwa Marekani ilirushwa kutoka jukwaa la San Marco karibu na Malindi, ikapewa jina Uhuru kwa heshima ya siku hiyo. Tarehe 15 Aprili 2023, setilaiti ya Kenya, Taifa-1, ilirushwa kutoka Marekani. Majina yote mawili ni Kiswahili safi. Aliyetaka kujua zaidi ya jina, alihitaji Kiingereza.

Wapo watakaosema kwamba Kiswahili hakina maneno ya kuyabeba haya yote. Hoja hiyo ni kongwe, na jibu lake ni kongwe vilevile. Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ilichapisha kamusi ya Biolojia, Fizikia na Kemia mwaka 1990. Neno UKIMWI lilitungwa kwa vifupisho vya maneno yetu wenyewe, na leo hakuna mtoto asiyelijua. Wengine watauliza gharama. Nani atawalipa wafasiri?

Jibu langu ni kwamba wamekwisha kulipwa. Kabla ya utafiti wowote wa kitabibu kuidhinishwa nchini, kamati za maadili hudai kwamba fomu ya idhini iandikwe kwa lugha ambayo mshiriki anaielewa. Kwa hiyo, kwa miaka mingi sasa, kuna watu walioketi Kilifi, Kisumu na Nairobi wakahangaika na maneno hayahaya niliyoyataja: nasibu, dawa isiyo na dawa, hatari ndogo, haki ya kujitoa. Wamejaribu, wakakosea, wakasahihishwa na wazazi wenyewe, wakaandika upya. Hazina hiyo ya istilahi, iliyopimwa mbele ya watu halisi kuliko kamusi yoyote ya mezani, imo katika makabati ya miradi iliyokwisha, kila mradi na kabati lake. Kila utafiti mpya huanza kutafsiri upya tangu sifuri, na mfasiri wake hulipwa kwa kuvumbua neno ambalo jirani yake alilivumbua miaka kumi iliyopita. Idara za Kiswahili katika vyuo vyetu zina wanafunzi wa shahada ya uzamili wanaotafuta mada kila mwaka. Funguo za makabati hayo ziko kwa wakuu wa miradi, ambao wengi wao wana ofisi katika vyuo hivyohivyo.